Uliona au Uliambiwa?

Kiswahili kina misemo miwili ambayo ingekuwa watu wawili, isingekaa jamvi moja. Wa kwanza unasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wa pili unasema za kuambiwa changanya na zako. Mmoja unaupa uvumi heshima yake: watu wengi hawawezi kulisema jambo hilo hilo pasiwe na chembe ya kweli ndani yake. Mwingine unakutaka usimeze neno la mtu kabla hujalipima kwa akili yako. Tunaitumia yote miwili, mara nyingine mtu yule yule siku ile ile, kutegemea kama uvumi wenyewe unampendeza au unamchoma.

Kuna jambo moja linaloiunganisha. Hakuna hata mmoja unaouliza ukweli ni nini. Yote inahangaika na njia: neno hili limepita wapi hadi likafika sikioni mwako, na ulifanyeje sasa kwa kuwa limeshafika. Wanafalsafa wamemwaga wino wa miaka zaidi ya 2,000 juu ya ukweli ni nini. Mimi nashikilia kwamba swali la "umejuaje?" ndilo lililobeba maisha yetu ya kila siku, na kwamba uongo mwingi unaotuzunguka unanenepa kwa sababu tumeacha kuliuliza.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 18, Pilato anauliza swali lililomfanya akumbukwe: kweli ni nini? Akishauliza, anatoka nje bila kungoja jibu. Mahubiri mengi yamejengwa juu ya swali hilo. Lakini aya chache kabla yake, Pilato mwenyewe alikuwa ameulizwa. Alitaka kujua kama mshtakiwa aliye mbele yake ni mfalme wa Wayahudi, naye mshtakiwa akamrudishia: unasema hivi kutoka kwako mwenyewe, au kuna watu waliokuambia habari zangu? Pilato akalikwepa. Alikuwa mtu mwenye uhai wa mwenzake mkononi, akiamua kwa maneno ya kuletewa, na swali la chanzo lilipomgusa alijibu kwa kuuliza kama yeye naye ni Myahudi. Falsafa ilimjia baadaye. Kwangu mpangilio huo una uzito. Ni rahisi sana kuuliza ukweli ni nini kwa jumla pale unapomkimbia anayekuuliza umejuaje hili moja.

Juu ya swali hilo la jumla nitapita haraka. Aristotle aliandika katika Metafizikia kwamba kusema kilichopo kipo, na kisichokuwepo hakipo, ndiko kusema kweli. Mwaka 1933 mwanamantiki wa Poland, Alfred Tarski, alilitia ukali wa kihisabati wazo la namna hiyo: sentensi "theluji ni nyeupe" ni kweli iwapo, na iwapo tu, theluji ni nyeupe. Alihitaji ukali huo ili auepuke mtego wa zamani wa mtu anayesema "hili ninalosema ni uongo", mtego uliowahangaisha Wayunani tangu karne ya 4 kabla ya Kristo. Kisha Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana, akaonyesha mwaka 1985 kwamba katika Kiakan kusema jambo ni kweli ni kusema tu kwamba ndivyo lilivyo. Ukiwatangazia wasemaji wa lugha hiyo kuwa ukweli ni kulingana kwa maneno na mambo yalivyo, umewatangazia kuwa ndivyo ilivyo ndivyo ilivyo. Wiredu alikuwa na hoja nzito: kuna mafundo ya falsafa yanayokaza katika lugha moja na kulegea katika nyingine. Nasi tunalijua hilo bila darasa. Mtu akiulizwa akajibu "ndivyo", amemaliza.

Njia ya neno ndiyo iliyo na utajiri, na hapo lugha zinatofautiana kwelikweli. Kituyuca ni lugha ya watu wachache wa eneo la Vaupés, mpakani mwa Kolombia na Brazili. Mwanaisimu Janet Barnes aliieleza mwaka 1984, na mfano wake mmoja haunitoki kichwani. Huwezi kusema tu "alicheza mpira" kwa Kituyuca. Kitenzi lazima kibebe kiambishi kinachotaja umejuaje. Lipo umbo la nilimwona akicheza. Lipo la nilisikia mchezo ingawa sikuuona. Lipo la nimeona alama alizoacha uwanjani. Lipo la nimeambiwa. Na lipo la kukisia, kwa kuwa hiyo ndiyo kawaida yake. Maumbo matano, na huna ruhusa ya kuruka, kama sisi tusivyoweza kusema "alikuja" bila kile kiambishi cha mtendaji pale mwanzoni. Mwongo wa Kituyuca ana kazi maradufu: adanganye juu ya jambo, kisha adanganye juu ya alivyolijua.

Kituruki nacho kina namna mbili za kusema mtu alikuja, geldi na gelmiş, moja ya msemaji aliyeshuhudia na nyingine ya aliyesikia au aliyetambua baadaye kwa dalili. Ngano za Kituruki hufunguliwa kwa umbo hilo la pili. Tangu maneno ya kwanza msimulizi ameshakuambia kwamba yeye hakuwepo.

"Alikuja" yetu haitaji chochote juu ya mahali aliposimama msemaji. Tunacho lakini kineno kidogo chenye kazi kubwa: eti. Eti ameoa. Eti hana hela. Eti wewe ndiye uliyesema. Kineno hicho kinatoa taarifa mbili kwa pumzi moja, kwamba maneno si yangu na kwamba sina hakika nayo, na ni sauti inayoamua ipi kati ya hizo iwe nzito. Ukilivuta, umemdhihaki aliyekuletea habari. Ukilitamka upesi, umempelekea msikilizaji habari kama ilivyokufikia, mkono ukiwa nje. "Nasikia" ni la upole zaidi, na lina uungwana wa kumweka msemaji ndani ya sentensi: ni mimi nisikiaye. Lile nisilolipenda ni "inasemekana". Hilo linamfuta kila mtu. Nani kasema? Kwa nani? Lini? Kitenzi kimejifungia mlango, na bado ndicho kipenzi cha vichwa vya habari.

Shangazi yangu hakusoma isimu. Ila ukimpelekea habari alikuwa na swali lake: mwanangu, uliona au uliambiwa? Ukisema uliambiwa, linafuata jingine: na huyo aliyekuambia, yeye aliona? Habari nyingi zilifia hapo hapo, kwenye swali la pili. Wachache sana tulikuwa na jibu la tatu.

Nilimkumbuka niliposoma kazi ya Barry Hallen na J. Olubi Sodipo, iliyotoka mwaka 1986. Hawa walikaa na waganga wa Kiyoruba nchini Nigeria wakichunguza nao maneno ya kujua na kuamini. Walikuta kwamba ìmọ̀, kujua, kunahusu kile ulichokishuhudia mwenyewe, hasa kwa macho yako, na hicho ndicho kinachostahili kuitwa kweli. Mengine yote, uliyosimuliwa, uliyofundishwa, uliyosoma kitabuni, ni ìgbàgbọ́, mambo uliyokubali kwa kusikia. Yanaweza kuwa sahihi. Yanaweza kujadiliwa na kupimwa. Lakini hayapandi cheo mpaka yathibitike mbele ya macho. Weka kipimo hicho juu ya mtu aliyesoma sana, uone jinsi elimu yake inavyoshuka daraja. Mimi nimekiweka juu yangu. Dunia kulizunguka jua, mwaka wa kuzaliwa babu yangu, chembe za damu: yote ìgbàgbọ́.

Plato aliligusa jambo lilo hilo katika mazungumzo yake yaitwayo Theaitetos. Socrates anamwuliza kijana anayezungumza naye juu ya mahakama. Mahakimu hawakuwepo tukio lilipotokea. Wakili hodari anawaeleza, wanashawishika kwa haki, wanatoa hukumu iliyo sahihi. Je, walijua? Socrates anasema hapana, walikuwa na maoni ya kweli bila kujua, kwa sababu jambo lile lingeweza kujulikana na aliyeshuhudia peke yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ukweli mkononi na bado asijue. Kila ninapoliwaza hilo naona linavyotuvua nguo. Sisi nasi tunashikilia mengi yaliyo sahihi kwa bahati ya kuambiwa na mtu mwema.

Basi tutegemee macho? Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, nchini Marekani, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yakigongana, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Kundi moja liliulizwa kwa kitenzi chenye kishindo, kama kusema magari yalipopondana. Jingine kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana. Walioulizwa kwa kishindo walikadiria mwendo mkubwa zaidi. Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika. Katika kundi la kitenzi kizito, watu 16 kati ya 50 walisema waliviona. Katika lile jingine, 7 kati ya 50. Kitenzi kimoja cha muulizaji kiliingia machoni mwa shahidi na kukaa humo kama kumbukumbu. Mkurugenzi wa filamu wa Japani, Akira Kurosawa, alishaufikisha umma mahali hapo mwaka 1950 kwa Rashomon, ambamo kifo kimoja cha samurai kinasimuliwa mara nne na masimulizi hayapatani. Watu huisifu filamu hiyo kama uthibitisho kwamba kila mtu ana ukweli wake. Sikubaliani nao. Samurai amekufa katika masimulizi yote. Ni njia nne zilizotofautiana, kila moja imepinda pale ambapo aibu ya msimulizi iliipinda.

Macho na vinywa vikishindwa, binadamu hutamani mashine. Hapa ndipo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii. William Moulton Marston alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani, msomi wa Harvard, aliyeamini kwamba shinikizo la damu humfichua mwongo: mtu akidanganya, linapanda. Katika kesi ya James Frye, mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji mjini Washington, upande wa utetezi ulitaka kipimo cha Marston kikubaliwe kama ushahidi. Mahakama ya rufaa ilikikataa mwaka 1923, ikisema kipimo lazima kwanza kiwe kimekubalika kwa jumla miongoni mwa wataalamu wa fani yake. Kanuni hiyo iliongoza mahakama za Marekani kwa miongo mingi. Marston hakuiacha ndoto. Mwaka 1941 alimleta duniani Wonder Woman, shujaa wa hadithi za picha, mwenye kamba ya dhahabu ambayo anayefungwa nayo hulazimika kutii. Leo mamilioni ya watu wanaijua kamba hiyo kama kamba ya ukweli. Kilichokataliwa mahakamani kikapata makao katika vibonzo, kisha katika sinema.

Vipima uongo vya kizazi cha Marston na vilivyofuata hupima moyo kwenda mbio, jasho, pumzi. Hivyo ni vitu vya hofu, na mtu asiye na hatia akikalishwa mbele ya askari ana hofu tele. Baraza la utafiti la akademia ya sayansi ya Marekani lilitoa ripoti mwaka 2003 likakuta msingi wa kisayansi wa mashine hizo ni dhaifu. Lakini hata tuseme kamba ya dhahabu ingekuwepo kweli. Wafunge nayo wale wanafunzi 16 wa Loftus. Watasema waliona vioo, na kamba itatulia, kwa sababu hawadanganyi. Kamba hutoa unyofu. Ukweli ni kitu kingine, na mtu anaweza kusema uongo akiwa mnyofu kabisa. Sijui kama kuna jambo la hatari zaidi ya hilo, maana mwongo wa makusudi angalau mmoja kati yenu anajua.

Turudi kwa lisemwalo lipo. Mwaka 1977 watafiti Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino waliwapa wanafunzi sentensi 60 wazipime kama ni kweli, mara tatu, kila mara baada ya wiki mbili. Baadhi ya sentensi zilijirudia. Zilizojirudia zilizidi kuaminika, za kweli na za uongo pamoja. Hakuna hoja iliyoongezwa wala ushahidi ulioletwa. Zilisikika tena, basi. Msemo wetu, kumbe, unaeleza vizuri jinsi kichwa kinavyofanya kazi na vibaya jinsi dunia ilivyo: lisemwalo mara nyingi huhisi kama lipo.

Ukiongeza kasi juu ya marudio, hali inakuwa nyingine. Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari karibu 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, zikisambazwa na watu wapatao milioni 3. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko za kweli. Za kweli zilichukua muda kama mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Na waliofanya kazi hiyo hasa ni watu, wala si roboti. Hapo wengi hupenda kunukuu usemi wa uongo kuzunguka nusu ya dunia wakati ukweli ungali unavaa viatu, na kumpa Mark Twain. Twain hakupatikana popote akiusema. Aliyeandika jambo la karibu na hilo ni Jonathan Swift, mwaka 1710: uongo huruka, na ukweli huja nyuma yake ukichechemea. Kwa hiyo hata msemo unaotuonya juu ya uvumi umetembea dunia nzima kwa jina la mtu asiyeusema, kwa kuwa jina lake linapendeza na hakuna aliyeuliza.

Kuna watu waliouliza, tena kwa bidii inayonistaajabisha. Wanachuoni wa hadithi za Mtume, karne ya 8 na ya 9, hawakuridhika na maneno matupu. Walidai sanad: huyu kasikia kwa fulani, aliyesikia kwa fulani, hadi kwa aliyekuwepo. Wakaandika vitabu juu ya wasimulizi wenyewe. Aliishi lini? Je, aliwahi kukutana na anayedai kumsikia? Kumbukumbu yake ilikuwa imara hata uzeeni? Abdullah ibn al-Mubarak, aliyefariki mwaka 797, alisema kwamba sanad ni sehemu ya dini, na lau si sanad basi kila mtu angesema alitakalo. Msomaji wa dini yoyote au asiye na dini anaweza kuona ukubwa wa kazi hiyo. Kila habari ilitakiwa itembee na orodha ya mikono iliyoibeba, na mkono mmoja dhaifu ulitosha kuishusha.

Linganisha na ujumbe unaoingia kwenye simu yako. Umeshikwa na maelfu ya mikono na haukuja na hata jina moja. Kitu cha pekee unachoambiwa ni kwamba umesambazwa mara nyingi, na kwa sikio lililolelewa na lisemwalo lipo, hiyo inasikika kama sifa. Mwezi Aprili 2020 WhatsApp iliweka kikomo: ujumbe wa aina hiyo unaweza kupelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Kampuni hiyo ilisema baadaye kwamba usambazaji wa jumbe hizo ulishuka kwa asilimia 70. Hakuna aliyekatazwa kusema lolote. Mguso mmoja tu wa ziada wa kidole, na watu wengi waliona haina haja. Nikifikiri sana juu ya hilo nasikitika, kwa sababu maana yake ni kwamba tulikuwa tukitangaza vifo vya watu walio hai na dawa zisizotibu bila hata kuzijali habari hizo kiasi cha kugusa kioo mara ya pili.

Hata hivyo mtu akiling'ang'ania "umejuaje?" kupita kiasi atajikuta hana alipo. Augustino wa Hippo, katika Maungamo yake, anakumbuka ni mambo mangapi aliyaamini bila kuyaona, miji asiyofika, matukio yaliyopita, na juu ya yote wazazi waliomzaa, jambo ambalo asingelijua kamwe bila kuwaamini waliomwambia. Kusikia ni nyumba tunamoishi. Ndiyo sababu sipendi mtindo wa siku hizi wa kujivunia kutoamini chochote. Mtu anayesema kila kitu ni propaganda hajapima kitu chochote, ameokoa tu nguvu za kupima.

Na swali lenyewe linaweza kugeuzwa rungu. Mwanafalsafa Miranda Fricker aliandika mwaka 2007 juu ya dhuluma anayotendewa mtu katika kujua kwake: anasema aliloliona, na neno lake linapunguziwa uzito kwa sababu ya jinsi alivyo, mwanamke, maskini, mgeni, mwenye rangi fulani. Msichana anaeleza alichotendewa, na baraza zima linamjibu kwa "eti". Hapo uliona au uliambiwa halitafuti njia ya neno. Limekwisha kuifunga. Tofauti iko wapi? Nadhani iko kwenye muda unaokaa kimya baada ya kuuliza. Shangazi alikuwa akiuliza, kisha anaweka chini alichoshika, anakutazama.

Shaaban Robert aliijenga Kusadikika, riwaya iliyotoka mwaka 1951, juu ya jambo hili. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme, na waziri Majivuno ndiye anayemshtaki. Kosa lake ni kutaka kuwafundisha watu sheria. Anaomba ajitetee, na utetezi wake ni masimulizi ya wajumbe sita waliotumwa pande zote, juu na chini zikiwemo, watafute mambo ya kuifaa nchi. Walikwenda, wakateseka njiani, wakaona, wakarudi na waliyoyaona. Wakafungwa. Wale walikuwa na haki ya kusema "niliona" kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na walinyang'anywa kinywa na watu ambao hawajawahi kuvuka mpaka. Karama hakuwa na kipimo wala kamba ya dhahabu. Alimchukua mjumbe mmoja baada ya mwingine akaeleza alikokwenda, alichokiona huko na alivyopokelewa aliporudi, mbele ya baraza lililokuwa na hukumu yake tayari kabla hajafungua mdomo, na ambalo safari hii lilikaa likasikiliza mpaka akamaliza. Mfalme akaamuru wafungwa wafunguliwe.